Mikono ya Adolphine Asukulu, Iliyooshwa Kupita Kiasi

Mapadri na masista, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Fizi, na ninyi mliopanda mlima tangu alfajiri kutoka Baraka, familia inawasalimu na inawaomba mketi, hata wale waliosimama mlangoni kwa heshima, kwa sababu historia hii si fupi, na marehemu hakuwapenda watu wanaosimama kuonyesha huzuni huku miguu ikiwauma. Yeye mwenyewe, Jumapili tarehe 9 Agosti ya mwaka huu wa 1959, akiwa bado na pumzi ya kubishana, alimwita mume wake na binti yake wa kwanza, akawaambia kwamba historia zote za marehemu alizowahi kusikia hapa Fizi ni za mtu mmoja tu, mpole, mvumilivu, mcha Mungu, asiyewahi kugombana na mtu, kwamba huyo mtu yeye hakumjua na wala hakuwa yeye, na kwamba historia yake isomwe kama ilivyokuwa. Familia imetii, na atakayejisikia ametajwa, basi ametajwa.

Adolphine Asukulu alizaliwa Baraka tarehe 3 Mei 1911, mtoto wa tatu wa mzee Asukulu, aliyelima mihogo na kuvua ndagala, na wa mama Nabindu, ambao wote wamekwisha kututangulia. Tarehe hiyo ni ya kwenye buku lake la kitambulisho, iliandikwa na karani ambaye mwaka 1911 yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa, na Adolphine aliikubali kwa sababu alikuwa amesimama kwenye mstari tangu asubuhi na alitaka kwenda nyumbani kupika. Mama yake alisema siku zote kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna karanga, mikono mbele, vidole vimekunjuka, na mkunga akasema huyu amekuja kufanya kazi.

Kuhusu masomo, alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1921 mpaka 1925, akamaliza darasa la nne, ambalo kwa msichana wakati ule lilikuwa ndilo la mwisho, akajua kusoma, kuandika, kushona, katekisimu na kupiga pasi. Kifaransa hakufundishwa, maana Kifaransa kilikuwa cha wavulana, lakini kuanzia Januari 1926 alipewa kazi ya kupiga pasi katika nyumba ya masista, na kwa miaka minne masista walizungumza juu ya kichwa chake habari zao zote, za wagonjwa, za askofu, za bei ya unga, kama mtu anavyozungumza mbele ya kabati, na kabati lile lilikuwa likisikiliza. Hakumwambia mtu yeyote, hata mume wake. Jambo hili mliweke moyoni, litarudi.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Julai 1930 na Bwana Albert Lubunga, fundi seremala, ambaye milango ya nusu ya nyumba za hapa Fizi ni kazi yake, na ambaye ameketi hapa mbele. Mungu aliwajalia watoto wanne, Immaculée aliyezaliwa 1932, Fabien aliyezaliwa 1935, Félicité aliyezaliwa 1944, na mmoja aliyeishi siku kumi na moja tu mwaka 1939, ambaye Adolphine alimwosha mwenyewe siku ya kwanza na siku ya mwisho. Waliishi uwanja mmoja na dada mkubwa wa Albert, Godelieve, ambaye wote twamwita Yaya kwa sababu ndiye mkubwa wetu, mjane, mwenye sauti, mwenye amri, na katika uwanja ule wanawake na watoto walikula kwenye sahani moja kubwa, bugali katikati, sombe ya majani ya mihogo pembeni, kila mkono ukijua njia yake.

Tarehe 6 Januari 1947 aliajiriwa katika zahanati moja ya huku milimani, kazi yake ikiwa kumsaidia mkunga, kubadilisha mashuka ya wazazi, na zaidi ya yote kuwaosha watoto wachanga kwa mara ya kwanza, maji ya vuguvugu, mkono wa kushoto chini ya shingo, mkono wa kulia ukifanya mengine. Hakuna kazi nyingine aliyowahi kuitaka. Alisema kwamba mtoto akishikwa vizuri siku ile, hata akija kuwa mlevi, atakuwa mlevi mwenye adabu. Katika miaka mitano aliwaosha watoto zaidi ya mia tatu, na wengi wenu mliokaa hapo nyuma mmepita mikononi mwake mkiwa uchi na mkipiga kelele, kwa hiyo msijifanye wakubwa.

Mwezi Machi 1952 mikono ile iliugua. Ilianza katikati ya vidole, wekundu mdogo na mwasho, kisha ngozi ikakauka na kupasuka kama udongo wa shamba mwezi wa nane, kisha ikatoa maji, kisha ikaanza upya, na kila mtu aliyeiona alikuwa daktari. Mmoja alisema ni upele, apake kiberiti, akapaka, ikawaka. Mwingine alisema ni damu chafu, anywe majani fulani machungu, akanywa, akatapika siku mbili na mikono ikabaki pale pale. Jirani mmoja, aliyejua habari za magari, alileta maji ya betri kwenye chupa ya divai, na Adolphine alimwuliza kwa utaratibu kama mke wake anapikia maji hayo, jirani akaondoka nayo. Kule Baraka, Bwana Swedi wa sokoni alimwuzia kopo la mafuta lenye picha ya simba, na baada ya wiki tatu ilionekana wazi kwamba simba hakuhusika kwa lolote. Wapo waliosema amekanyaga kitu, wapo waliosema amegusa kitu, na wapo waliosema hawasemi kitu, ambao ndio waliosema kuliko wote.

Zahanati ilikuwa na muuguzi mkuu, Bwana Alphonse, kijana msafi mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika, naye aliitazama mikono ya Adolphine akiwa amesimama mlangoni, hatua nne mbali, akasema kwa Kifaransa kwamba ni jambo la kutiliwa shaka. Hakulitaja neno ukoma. Alilizunguka, alilikohoa, aliliandika kwa herufi moja kwenye daftari, na kufikia saa sita mchana soko lote la Fizi lilikuwa limeisoma ile herufi moja. Kisha akaagiza matibabu, na matibabu yalikuwa haya, anawe mikono kwa maji yenye kreolini, ile dawa nyeusi ya kuoshea sakafu na vyoo, mara kumi kwa siku, akisugua kwa brashi, halafu apake dawa ya zambarau, na asiguse mtoto yeyote mpaka daktari wa ngozi amwone. Daktari wa ngozi alikuwa akitoka Bukavu, akizunguka nchi nzima kutafuta wagonjwa wa ukoma, na alifika Fizi mara moja kwa mwaka, mwaka ambao barabara ilikubali. Waliotakiwa kumwona waliandikwa kwenye orodha, na orodha ilikuwa mikononi mwa Bwana Alphonse.

Jioni ya siku hiyo hiyo Adolphine alirudi nyumbani akakuta pembeni ya sahani kubwa kuna sahani ndogo ya bati, nyeupe, yenye mstari wa buluu na ukingo uliobanduka, na juu yake bugali lake peke yake. Yaya Godelieve alisema, "Sahani yako ni hii, Mama Immaculée, haiko kwa ubaya, ni juu ya batoto." Adolphine alikaa, akala, akaiosha sahani yake mwenyewe, kwa kreolini, kama alivyoagizwa.

Aliagizwa mara kumi, na kwa kuwa alitaka kazi yake, alinawa mara kumi na mbili. Mikono haikupona. Bwana Alphonse akasema haisafishwi vya kutosha, aongeze, akaongeza, ikazidi kupasuka, akasema mnaona jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo mkali. Kwa kuwa hakuruhusiwa kugusa watoto, alihamishiwa kwenye kufua mashuka, sabuni ya magadi kutwa nzima, kisha kreolini, kisha brashi, kisha zambarau, na mwaka ukapita hivyo, mikono ikinuka kama choo cha posta, mpaka ilifika wakati hakuweza kusonga bugali, hakuweza kusuka nywele za Félicité, na alifunga vifungo vya nguo yake kwa meno.

Mwezi Novemba 1953 daktari wa ngozi alifika, orodha ikasomwa, watu arobaini na wawili, na jina la Adolphine halikuwamo. Bwana Alphonse alimweleza kwamba wafanyakazi wa zahanati hawachanganywi na wagonjwa, kwamba atazungumza na daktari pembeni, mtu na mtu mwenziwe. Adolphine aliwachotea maji wagonjwa waliosimama kwenye mstari tangu asubuhi mpaka saa tisa, akingoja kuitwa pembeni, kisha akaona vumbi la gari likiteremka kuelekea ziwani. Hakuwa ameitwa. Mume wake, ambaye ni mtu mwema na analijua hilo, alimwambia avumilie, na kwa siku tatu hapakuwa na mazungumzo katika nyumba ya Bwana Albert Lubunga. Mwaka 1954 mvua ilikata barabara na daktari hakufika kabisa, na Bwana Alphonse alilitangaza hilo kwa sura ya masikitiko ambayo Adolphine alisema inafaa kuwekwa kwenye fremu.

Familia inawaomba mwelewe kwa nini hakuandikwa, maana wengi wamedhani ni chuki, na haikuwa chuki. Bwana Alphonse alikuwa ameagiza kreolini, hakuwa na uhakika, na mtu asiye na uhakika hapendi kusahihishwa mbele ya watu. Ni hivyo tu. Miaka mitatu ya mikono ya mtu ilitumika kulinda koti jeupe.

Tarehe 20 Februari 1955, Immaculée alijifungua mtoto wake wa kwanza, mvulana, akaitwa Useni kwa upande wa baba yake wa Baraka, na siku hiyo wanawake walikaa duara katika chumba cha wazazi cha zahanati na mtoto akapita mkono kwa mkono, shangazi, bibi wa upande ule, jirani, jirani wa jirani, na alipofika kwa Adolphine akapita juu ya magoti yake bila kutua, akaenda kwa mwingine. Mtu aliyewaosha watoto mia tatu wa wengine alikaa pale na mikono yake chini ya kitenge, na mjukuu wake akaoshwa na msichana wa miaka kumi na saba aliyemshika kama samaki. Adolphine hakulia, alisema tu baadaye kwamba siku ile ndipo alipoamua kwamba atamwona yule daktari hata kama itabidi alale chini ya magurudumu ya gari lake.

Jumatano tarehe 15 Juni 1955 daktari alifika, akaketi katika darasa la kwanza la shule ya misheni, kwa sababu zahanati ilikuwa ndogo, na mstari ukazunguka uwanja, watoto wenye mashilingi, yale mabaka ya mviringo, kichwani, vijana wenye mabaka, wamama wenye upele wa nyumba nzima, kila mmoja akijikuna na kumwambia aliye mbele yake asijikune. Adolphine alivaa kitenge chake cha Jumapili, akasimama wa thelathini na moja. Bwana Alphonse alipita na orodha yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jina lake halimo. Adolphine alimjibu kwa sauti ambayo haikuwa ya chini, "Mi niko mu mustari, Bwana Alphonse. Mu liste mutaniandika nyuma." Watu wakacheka, na kwa kuwa daktari alikuwa akitazama kupitia dirishani, Bwana Alphonse akapita.

Saa saba na nusu zamu yake ilifika. Daktari alikuwa mzungu mnene, amechoka, jasho limemlowesha mgongoni, ameketi kwenye kiti cha mwalimu, na Bwana Alphonse alikuwa amesimama kando yake akitafsiri. Daktari alichukua pamba, akamfumbisha macho, akamgusa vidole, maana palipo na ukoma ngozi haisikii, kisha sindano, na Adolphine alisema anasikia, kila mara, mahali pote, tena anasikia sana. Basi daktari akaishika ile mikono, kwa mikono yake mitupu, mbele ya Fizi yote iliyokuwa imejazana madirishani, mikono ambayo kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameishika isipokuwa mume wake, akaigeuza, akaitazama katikati ya vidole, akainama, akainusa. Kisha akauliza kwa Kifaransa ni nini hasa huyu mama ananawia, na mara ngapi.

Bwana Alphonse alimgeukia Adolphine, akatafsiri, "Daktari anauliza kama unaogaka."

Adolphine alimgeukia daktari, akasema kwa Kifaransa, kile Kifaransa cha masista, safi, kimepigwa pasi, kwamba ni kreolini, mara kumi na mbili kwa siku, na brashi, na kwamba bwana huyu aliyesimama hapa ndiye aliyemwandikia. Wale walioshuhudia wanasema hata watoto wenye mashilingi waliacha kujikuna. Daktari hakumgombeza mtu, hakuwa na nguvu hizo, alimtazama tu Bwana Alphonse kwa muda ambao Bwana Alphonse mwenyewe amekiri kwamba ulikuwa mrefu, kisha akasema neno moja, sabuni, na akaanza kuandika. Si ukoma, haukuwahi kuwa ukoma, hauambukizi, ni ngozi iliyochokozwa na sabuni na kuteswa na dawa ya choo, ugonjwa wa kawaida kabisa ambao yeye huuona kwa wafuaji na wapishi katika kila mji anaopita, aache kreolini leo, anawe kwa maji ya vuguvugu matupu, apake mafuta ya mbegu za mchikichi kabla mikono haijakauka, avae soksi za pamba mikononi usiku, na mashuka afue mtu mwingine kwa miezi mitatu. Akapiga mhuri. Akaita wa thelathini na mbili.

Dakika saba. Adolphine alitoka nje akaketi kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza, magoti yakimfika kidevuni, na karatasi yake mkononi, na wale waliomfuata kumpongeza walikuta amekasirika kuliko walivyowahi kumwona, anasema peke yake, miaka mitatu na miezi mitatu, kwa sabuni, kwa sabuni. Bwana Alphonse alimjia hapo, akiwa ameshika orodha kifuani, na kati ya yote aliyoweza kusema, aliuliza, "Mama, we unajuaka Kifaransa tangu lini?" Naye akamjibu, "Tangu pasi. Hakuna muntu aliniulizaka."

Mngedhani mambo yalikwisha hapo. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa, na uwanja wa Yaya Godelieve ulisema karatasi haiwezi kujua yaliyomo chini ya ngozi, basi sahani ya mstari wa buluu ikabaki mahali pake. Mikono ilianza kupona wiki ya pili, ilifunga mwezi wa pili, na kufikia Septemba ilikuwa mikono ya mtu, na hapo ndipo waganga walipojitokeza. Yaya Godelieve alisema ni yale majani machungu ya mwaka 1952, yalikuwa yakifanya kazi polepole. Bwana Swedi alipandisha bei ya mafuta ya simba. Katika zahanati ilisemwa kwamba dawa ya zambarau inahitaji muda, na Sista mmoja, ambaye twamheshimu, alitaja novena. Hakuna hata mmoja aliyesema ni kwa sababu mwanamke ameacha kujimwagia dawa ya choo. Adolphine aliyasikiliza yote, akipaka mafuta yake.

Alirudi kwenye kazi yake ya watoto Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1955, lakini wa kwanza aliyemwosha hakuwa mchanga. Jumapili ya kabla yake Immaculée alimleta Useni kutoka Baraka, miezi saba na zaidi, mzito, mwenye meno mawili, na Adolphine akamweka kwenye beseni, mkono wa kushoto chini ya shingo ingawa shingo ilikwisha kukaza zamani, akamwosha tangu kichwani mpaka vidole vya miguu kama aliyezaliwa asubuhi ile, mtoto akipiga kelele kwa hasira, na bibi akimwambia alie tu, amechelewa lakini amefika.

Jambo ambalo familia haiwezi kulificha, kwa kuwa aliagiza lisifichwe, ni ukaidi wake. Siku ile ile Yaya Godelieve alimwambia sasa anaweza kurudi kwenye sahani kubwa, na Adolphine akamjibu kwamba amekwisha kuizoea ndogo. Hakurudi. Alikula kwenye ile sahani ya bati miaka miwili mingine, mbele ya kila mtu, aliibeba kwenye ndoa za watu, aliibeba kwenye komunyo ya Félicité, akaiweka mezani mbele ya padri, na tulipomwomba aiache kwa sababu tunaona haya, alisema haya zimechelewa kufika. Tulichoka naye. Hilo nalo liandikwe.

Kuanzia mwaka 1956, kila Jumatatu ya pili ya mwezi, aliteremka Baraka kwa lori la pamba, akaketi nyuma ya nyumba ya Immaculée, na watu wakamletea ngozi zao kabla hawajazipaka upuuzi. Hakujiita mganga, aliwakataza wote wamwite hivyo. Mashilingi aliyajua, upele aliujua na alitibu nyumba nzima siku moja au hakutibu mtu, vipele vya joto aliviacha vipoe vyenyewe, na kwa mengine yote alikuwa na swali moja, hicho unachotaka kupaka, ungekioshea choo, na kama jibu ni ndiyo, uende nyumbani. Lakini palipo na baka lisilosikia pamba, hapo hakucheka. Alikuwa na orodha yake mwenyewe, na gari la daktari lilipoonekana, orodha ya Mama Adolphine ilikuwa ya kwanza mezani. Mama Saumu wa Baraka, mke wa Bwana Yunusu, ameomba mwenyewe asimame leo msomaji anapofika hapa, naye amesimama, mwoneni, kwa sababu baka lake alilificha chini ya kitambaa miezi minane akiogopa sahani ya peke yake, na Adolphine alimwambia, "Sahani si kitu, mama, mi nilikula mo miaka. Mukono ukikufa, hakuna sahani itakusaidia." Saumu alipelekwa mapema, akameza dawa, akapona, na vidole vyake vyote kumi viko pale, mnaviona. Asante, mama, keti.

Mwezi Oktoba 1957, mchana wa jua kali, Yaya Godelieve alikuja kwa mlango wa nyuma, amejifunga shuka shingoni kama mtu wa baridi, akakaa muda mrefu akizungumzia karanga. Hatimaye alifungua. Shingo ilikuwa nyekundu, imepasuka, inatoa maji, imezunguka kama kola, na ilinuka, Adolphine alikuwa ameitambua harufu hiyo Yaya akiwa bado mlangoni. Alikuwa ameipaka kreolini, wiki mbili, asubuhi na jioni. Adolphine alicheka mpaka akaketi chini, alicheka mpaka akalia, na Yaya akakaa pale na shingo yake, akingoja amalize. Kisha Adolphine akamvua mkufu wa bati lililopakwa rangi ya dhahabu, ambao Yaya aliununua sokoni mwezi uliopita ili kuning'iniza medali yake, akamwonyesha alama, mstari kwa mstari. "Ni mukufu, Yaya," akamwambia. "Mukufu tu." Akamwosha kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta, akaingia jikoni, akatoka na bugali na ndagala kwenye ile sahani ya mstari wa buluu, akaiweka katikati yao wawili. Sahani ni ndogo, vidole vyao viligongana. Walikula mpaka ikaisha, hapakuwa na msamaha ulioombwa wala uliotolewa, na kesho yake jioni Adolphine alikaa kwenye sahani kubwa, mahali pake pa zamani, kana kwamba alikuwa amekwenda kisimani tu.

Ugonjwa wake wa mwisho ulianza mwezi Machi 1959, kwa kukosa pumzi akipanda mlima, kisha miguu ikavimba, na daktari wa hospitali alisema ni moyo, na Adolphine, aliyekwisha kujifunza, alimwuliza anajuaje, daktari akaeleza, naye akaridhika. Alilazwa tarehe 27 Julai, akarudi nyumbani kwa ombi lake tarehe 8 Agosti, akapokea sakramenti ya wagonjwa tarehe 16, na Jumanne tarehe 18 Agosti 1959, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, Félicité akimsuka nywele, alifariki. Ameacha mume, watoto watatu, na wajukuu wawili, wote wamepita kwenye beseni lake.

Aliagiza kitu kimoja zaidi. Alisema aoshwe na Yaya Godelieve, na si mwingine, kwa maji ya vuguvugu matupu. Jana, wakati wa kumwosha, jirani mmoja kwa moyo mwema alileta sabuni ya marashi, mpya, bado iko kwenye karatasi yake, akasema marehemu anastahili kunukia vizuri. Yaya Godelieve aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitupa uani kupitia dirishani. Kisha akaiosha ile mikono, kidole kwa kidole, akaipaka mafuta kabla haijakauka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, ambao walisema walichokijua na kunyamaza kwa wasichokijua. Inamshukuru daktari wa ngozi, ambaye hayuko hapa, ambaye bila shaka hamkumbuki mama wa thelathini na moja, na ambaye dakika zake saba zilimpa miaka minne ya kushika watoto. Inawashukuru majirani kwa kuni, maji na viti, wenzake wote wa zahanati, na Bwana Alphonse, ambaye alikuja hapa Jumanne mchana, bila koti, akachimba kaburi pamoja na vijana, na alipoambiwa jina lake linaweza kurukwa, alisema lisirukwe. Baada ya mazishi chakula kitakuwa uwanjani kwa Yaya, na katikati ya meza mtaiona sahani ndogo ya bati yenye mstari wa buluu, imejaa, na kila atakayependa aweke mkono.

Pumzika kwa amani, Mama Immaculée, na huko ulikofika, wakikuambia unawe tena, uwaulize kwanza ni kwa nini.